Damu ya Wazazi Wawili, Lawama ya Mmoja

Katika maabara nyingi za vijijini nchini Kongo, mtoto anayeshukiwa kuwa na selimundu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa kwa jina la Mmarekani Victor Emmel, aliyekieleza mwaka 1917. Tone la damu ya kidole linawekwa juu ya kioo na kuchanganywa na metabisulfiti, dawa inayoiondolea damu oksijeni. Linafunikwa kwa kioo kingine chembamba, kingo zinazibwa hewa isiingie, kisha fundi wa maabara anasubiri. Akirudi kwenye hadubini na kukuta chembe nyekundu zimejipinda mfano wa mundu, anaandika kwenye karatasi: Emmel chanya. Mama anaikunja karatasi, anaitia kwenye pindo la kitenge, anambeba mtoto mgongoni na kuanza kupanda mlima kurudi nyumbani.

Karatasi hiyo inasema machache mno. Inasema kwamba damu ina hemoglobini S, basi. Haimtofautishi mtoto mwenye SS, ambaye ni mgonjwa, na mwenye AS, ambaye amebeba jeni moja tu na kwa kawaida ataishi bila kusumbuliwa nayo. Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kuonekana hana kitu kwa sababu damu yake bado imejaa hemoglobini aliyozaliwa nayo. Na aliyeongezewa damu wiki chache zilizopita anatembea na damu ya mtu mwingine mwilini, kiasi kwamba hata kipimo cha kisasa kinaweza kumwandika AS wakati ni SS. Mapengo yote hayo yanajazwa nyumbani, na wanaoyajaza ni mama mkwe, mawifi, majirani na mchungaji wa chumba cha maombi.

Selimundu, ambayo watu wa Kivu wanaijua zaidi kwa jina la SS, ni ugonjwa wa kuzaliwa nao na wa maisha yote. Vitabu vya tiba vinaueleza vizuri upande wa mwili. Upande wa moyo na akili unaguswa kwa haraka, kama nyongeza ya mwisho wa sura. Maoni ya safu hii ni kwamba katika Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, mateso mengi ya akili ya watoto wa SS na mama zao huanza siku ya majibu: siku ambayo maelezo hayakutolewa, au yalitolewa kwa mzazi mmoja peke yake. Maelezo hayo ni sehemu ya tiba, na yanaweza kutolewa hata kwenye kituo cha afya kisicho na umeme.

Yenyewe si magumu. Mtu hurithi jeni mbili za hemoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Baba mwenye AS na mama mwenye AS ni watu wazima wenye nguvu, wanalima, wanabeba mizigo, na wala hawajui walichobeba. Kila wanapopata mimba kuna nafasi moja katika nne ya mtoto kuwa SS, mbili katika nne kuwa AS kama wao, na moja katika nne kuwa AA, yaani bila jeni ya S. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba: watoto watatu wazima hawamkingi wa nne, na kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watasalimika. Ugonjwa haupiti kwa mama peke yake, hata siku moja. Bila jeni ya baba hakuna SS.

Lakini anayekesha hospitalini ni mama. Yeye ndiye anayeonekana na mtoto mwenye macho ya manjano, yeye ndiye anayeuza mbuzi kulipia damu, na yeye ndiye anayeulizwa ukoo wao una nini. Baba akimtelekeza na kuoa mke mwingine, pengine atapata watoto wazima, kwa kuwa mke wa pili anaweza kuwa AA, na kijiji kitasema: mnaona, kasoro ilikuwa kwa yule wa kwanza. Ushahidi wa uongo unaofanana na kweli kiasi hicho humvunja mwanamke kuliko tusi lolote. Watafiti wa Kinshasa waliowahoji wazazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014 walieleza jinsi ugonjwa huu unavyoitikisa ndoa na kuwaacha wazazi na hofu isiyokatika.

Mtoto naye hasalimiki. Anayeugua, anapona, kisha anaugua tena bila sababu inayoonekana ni rahisi kushukiwa kuwa mchawi au kuwa na pepo, na Kongo imeona watoto wengi wakifungishwa na kupigwa katika vyumba vya maombi kwa tuhuma za aina hiyo. Nigeria ina mfano uliopimwa kisayansi. Mwaka 2001 mtafiti Esther Nzewi alichapisha uchunguzi kuhusu watoto 100 walioitwa ogbanje, yaani wale wanaoaminika kuzaliwa, kufa na kurudi ili kuwatesa wazazi. Sabini kati yao walikuwa na SS.

Swali la nani ana ugonjwa huu katika Kivu Kaskazini lina jibu la kijiografia ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walipima damu za makabila ya Uganda na kuwakuta Baamba wa Bwamba, chini ya Rwenzori, jirani kabisa na Kongo, wakiwa na kiwango cha juu ajabu: zaidi ya watu wanne katika kumi walikuwa wamebeba jeni ya S. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu. Mwenye AS anakingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, hivyo mahali ambapo malaria imeua watoto kwa karne nyingi, waliobeba jeni moja walibaki hai na kuirithisha. Jeni hii haijui kabila, inafuata mbu.

Sasa tazama ramani ya Masisi na Walikale. Milima ya Masisi inapanda kupita mita 2,000, kwenye malisho ya ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Ukishuka kwenda magharibi unaingia msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000, penye joto na mvua, na barabara yake inaelekea Lubutu na Kisangani. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya watoto wachanga 1,825 kutoka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, nchi za milima kwa sehemu kubwa: 60 walikuwa AS, wawili tu SS. Kisangani, ambako watoto 520 walipimwa na majibu kuchapishwa mwaka 2010, zaidi ya watoto 23 katika kila 100 walikuwa AS na karibu mmoja katika kila 100 alikuwa SS. Kinshasa, katika mradi wa Dk. Léon Tshilolo na wenzake uliopima watoto 31,204, wenye SS walikuwa 1.4 kwa kila 100.

Kati ya hali hizo mbili, ya milimani na ya msituni, ndipo ilipo familia ya Walikale iliyokimbilia Masisi, au ya Masisi iliyokimbilia Goma. Muuguzi aliyezoea wagonjwa wa milimani anaweza kukaa muda mrefu bila kukutana na SS. Akiletewa mtoto mwenye homa, upungufu wa damu na maumivu ya mifupa, atafikiria malaria, na mara nyingi hatakosea, kwa sababu malaria humkamata mtoto wa SS pia na kumuua kwa urahisi. Mtoto anatibiwa malaria mara kumi. Mara ya kumi na moja mama anaanza kuamini waliomwambia kwamba hii si kazi ya hospitali.

Maumivu yenyewe yanastahili kuelezwa kwa karibu, maana asiyeyajua huwa anayapunguza. Chembe zilizojipinda zinaziba mishipa midogo, na sehemu ya mwili inayokosa damu inauma kama inayovunjwa. Kwa mtoto mdogo huanzia viganjani na nyayoni, vinavimba mpaka hakamati kijiko. Kwa mkubwa ni mgongo, mapaja, kifua. Usiku wa krizi ya maumivu hayo nyumbani, mama anachemsha maji, anakanda kwa kitambaa, anampa parasetamoli kama ipo, anambembeleza anywe maji mengi. Wadogo zake wanaamka na kukaa kimya pembeni ya moto. Asubuhi mtoto anaweza kuwa amelala, na baba mdogo akipita kusalimia anasema: mbona leo mzima?

Sentensi hiyo, mbona leo mzima, inawafuata wagonjwa wa SS maisha yao yote. Maumivu yao hayana jeraha wala bandeji. Huko Virginia, Marekani, watu wazima 232 wenye selimundu waliombwa kuandika kila siku hali yao, na ikaonekana kwamba waliumwa katika zaidi ya nusu ya siku, mara nyingi wakiwa nyumbani bila kwenda hospitali. Zaidi ya robo yao, asilimia 27.6, walikuwa na sonona. Wenye sonona waliumwa siku 71 katika kila 100, wasio nayo siku 50. Utafiti huo uliochapishwa mwaka 2008 haukusema kipi kilitangulia, na kwa mgonjwa pengine haijalishi: maumivu yanavunja moyo, na moyo uliovunjika unayaongezea maumivu nguvu. Anayetibu kimoja na kuacha kingine anafanya nusu ya kazi.

Vinavyoamsha krizi vinajulikana: baridi, kiu, uchovu wa mwili, homa, hofu kubwa. Orodha hiyo ni maelezo kamili ya kukimbia vita katika milima ya Masisi. Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Masisi mjini, kisha Sake, kisha Goma. Februari makambi makubwa ya wakimbizi pembezoni mwa Goma, Bulengo na Lushagala yakiwemo, yakabomolewa na watu wakaamriwa kurudi walikotoka. Machi mapigano yakafika Walikale mjini. Katika kila safari ya namna hiyo watu hutembea usiku, wananyeshewa, wanalala chini ya turubai, wanapunguza kunywa maji kwa sababu maji hayapo. Mtoto mzima anachoka. Mtoto wa SS anaanza kuumwa njiani, na familia inalazimika kuchagua kati ya kumsubiri na kwenda na wengine. Mama aliyewahi kusimama mbele ya uchaguzi huo haulizwi kama ana msongo wa mawazo. Anaulizwa ana watoto wangapi na kama ana kadi ya msaada.

Hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, imeendelea kupokea wagonjwa katikati ya yote hayo, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa sana. Lakini damu ya kuongezea haisubiri barabara ifunguliwe. Kituo cha SS kilicho mtaa wa Yolo, Kinshasa, kiko zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa vita vilipoingia mjini.

Shuleni kuna mateso ya aina nyingine. Macho ya manjano ya mtoto wa SS yanawafanya wenzake wadhani ana homa ya manjano na wasitake kunywa kikombe kimoja naye. Balehe inachelewa mwaka mmoja au miwili, hivyo msichana wa miaka 15 anaonekana wa 12, na mvulana anacheka pamoja na wanaomcheka ili yaishe. Wavulana wengine wanapata usimamaji wa uume unaouma na usiokoma kwa masaa, jambo la dharura linaloweza kuwaharibia maisha ya ndoa, nao wanalificha kwa aibu mpaka limechelewa. Anayefeli masomo naye pengine si mvivu. Bila matibabu ya kinga, karibu mtoto mmoja katika kumi wenye SS hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na wengine zaidi wanapata viharusi vidogo vya kimya, visivyopooza mkono wala mguu, vinavyopunguza tu uwezo wa kukumbuka na kutulia. Mwalimu anayeijua habari hiyo anaweza kuokoa masomo ya mtoto kwa kumruhusu tu anywe maji darasani, avae sweta na asikimbizwe mchakamchaka asubuhi ya baridi.

Halafu kuna unabii. Watoto wa SS wengi wamekua wakisikia, kutoka kwa wauguzi hata kwa ndugu, kwamba hawatafika miaka 18. Tionne Watkins, mwimbaji wa kundi la TLC la Marekani, aliyezaliwa mwaka 1970, ameeleza hadharani kwamba madaktari walimwambia hatavuka miaka 30. Amezivuka kwa mbali. Ni kweli kwamba Afrika watoto wengi wenye SS wamekufa kabla ya miaka mitano, wengi bila hata kupimwa, lakini mtoto aliyefika miaka kumi hana sababu ya kutangaziwa tarehe ya kifo. Kijana anayeamini atakufa karibuni haoni kwa nini asome, haoni kwa nini ameze dawa, haoni kwa nini achumbie.

Na dawa zipo. Penisilini ya kumeza kila siku kwa watoto wadogo ilipunguza maambukizi ya vimelea vya pneumokoki kwa asilimia 84 katika jaribio la Marekani la 1986. Chanjo dhidi ya vimelea hivyo iko katika ratiba ya Kongo tangu 2011. Dawa ya hidroksiurea ilijaribiwa Afrika yenyewe, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 10, katika hospitali za Angola, Kilifi ya Kenya, Mbale ya Uganda, na Monkole ya Kinshasa chini ya Dk. Tshilolo. Matokeo ya watoto 606 yalitangazwa Desemba 2018. Kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, krizi za maumivu zilishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka mara 43 hadi 14, malaria kutoka mara 47 hadi 23, na vifo kutoka karibu wanne hadi mmoja. Namba hizo zisomwe pia kama habari za akili: krizi iliyopungua ni usiku ambao nyumba nzima ililala, ni wiki ya shule ambayo haikupotea, ni mbuzi ambaye hakuuzwa. Dawa za kukata na kurekebisha jeni zilizoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 zinagharimu zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Ziombewe heri, lakini Masisi isizisubiri.

Nani atabeba kazi ya moyo? Goma ina kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu cha Mabradha wa Upendo, na kituo kimoja hakiwezi kuifikia milima yote. Kivu ina rasilimali nyingine ambayo haijatumiwa kwa SS: washauri wa kisaikolojia na kijamii wa vijijini, waliofunzwa kwa miaka mingi kuwahudumia wanawake waliobakwa. Ubora wao umeshapimwa. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini, ambamo washauri wasio na shahada yoyote waliendesha tiba ya vikundi kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Miezi sita baadaye, wanawake 9 katika 100 ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, wakati kwa waliopewa usaidizi wa mmoja mmoja walikuwa 42. Watu hao wapo, wanajua Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili, wanajua njia za miguu. Mama wa mtoto wa SS hajaorodheshwa miongoni mwa wanaowastahili. Aorodheshwe.

Kazi yao ya kwanza ingekuwa kumwita baba. Aje kusikiliza, na akitaka aje na mama yake, kwa kuwa uamuzi wa ndoa katika nyumba nyingi haukai kwa watu wawili tu. Aambiwe habari ya jeni mbili kabla ya mtu yeyote kuchomwa kidole. Mpangilio huo una sababu. Baba akipimwa kwa Emmel iliyofanywa ovyo na kuandikwa hasi, mke anaweza kufukuzwa siku hiyohiyo kwa tuhuma ya uzinzi, ilhali kioo hakikuzibwa vizuri, au baba ana hemoglobini C, au jeni ya thalasemia, ambazo Emmel haizioni na ambazo zikikutana na S humpa mtoto ugonjwa wa familia hiihii. Maabara isiyo na kipimo kingine ingefanya vyema zaidi kutompima baba kabisa mpaka kipatikane.

Kipimo kingine kipo pia. Ni cha karatasi, kinatumia tone la kisigino, hakihitaji umeme, kinatofautisha AA, AS na SS kwa dakika chache na kinafanya kazi kwa mtoto mchanga. Katika Kongo mtoto huletwa kwa chanjo ya wiki ya sita, hata katika maeneo ya afya yaliyo mbali na barabara. Mikono na miguu ya mtoto wa SS kwa kawaida haianzi kuvimba kabla ya miezi minne hadi sita. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna muda wa kuanza penisilini, wa kumfundisha mama kupapasa tumbo la mwanawe na kujua bandama ikivimba ghafla, na wa kumwita baba mara ya pili ikiwa mara ya kwanza hakuja.